Kibati cha Shingoni

Kabedi aliletwa Kindu kwa treni, bibi arusi wa Kankolongo, mtu wa kwao aliyefanya kazi reli, na siku aliposhuka kituoni akawa bubu. Kwao Kasai alikuwa na mdomo. Alijua kusimulia, alijua kutania, alijua kumjibu shemeji mkorofi mpaka akaona haya. Lakini hayo yote aliyajua kwa Tshiluba, na watu wa Kindu walisema Kiswahili, wale wa mjini wenye kanzu na wale wa vijijini wenye ndizi kichwani, na hata mbuzi wao walifukuzwa kwa Kiswahili.

Kiswahili alikipata kwa kuchapwa. Mara ya kwanza mumewe alimtuma chumvi na samaki. Muuza chumvi alikuwa mzee wa kofia nyeupe, na Kabedi, aliyelelewa kuheshimu wakubwa, akamwita tatu. Kwa Tshiluba, tatu ni baba. Mzee akapima vikopo vitatu. Kabedi akashtuka, akatikisa kichwa, akasema tena kwa heshima zaidi, tatu, tatu. Mzee akadhani anatiliwa shaka kipimo chake. Akavimwaga, akavipima upya mbele ya macho yake, vitatu kamili, na watu wa soko wakaacha biashara zao kumtazama mwanamke anayeinamia chumvi. Pesa ya samaki ikaishia hapo. Kankolongo alipoona chumvi ya kutosha msiba na samaki hakuna, hakuuliza. Alimpiga kofi lililomwangusha juu ya mafiga, na alama ya jiwe la moto ikabaki begani mwake kama muhuri.

Aliyempaka mafuta bega lile alikuwa jirani yao Halima, mwanamke wa mjini aliyeachwa na mume, aliyekaanga mikate ya mafuta na kuiuza barazani kwake. Halima hakuwa mwalimu. Alisema lete kisu, na Kabedi akileta kijiko alicheka, akanyoosha kidole, akasema tena. Majina ya vyombo yakaingia kwanza, halafu matusi, halafu mengine yote yakafuata yenyewe. Mvua zikapita, na Kabedi akaanza kurudishiwa mdomo wake kidogo kidogo, ingawa mdomo huu mpya ulimbana kama kiatu cha kuazima.

Siku moja mafuta yakamrukia mkononi, akapiga ukelele. "Baba wee!"

"Baba yako iko Kasai, mama," Halima akasema. "Utalia mpaka kesho, hatasikia."

Kabedi akapuliza mkono. "Sikuita baba. Kwetu baba njo mama."

"Baba njo mama? Baba ndiye aliyekuzaa?"

"Ee."

"Na baba mwenyewe munamwita nani?"

"Tatu."

Halima akageuza mkate mmoja, akageuza wa pili. "Tatu. Na wale wawili wa mbele wako wapi?"

Walicheka mpaka karai zima likaungua. Lakini Halima alikuwa mtu wa kuangalia mambo, na baadaye, akikwangua masizi, alimwambia jambo aliloliona. Kabedi sasa anaomba chumvi kwa Kiswahili, anapatana bei kwa Kiswahili, anamtukana mbwa kwa Kiswahili. Ila akiungua anarudi kwao.

Musau alizaliwa miaka ile watu walipoamriwa kuitana sitwayeni, yaani raia, na kuyaacha majina ya mapadri. Huyo hakufundishwa na mtu. Kabedi alimwimbia kwa Tshiluba kwa sababu nyimbo za kulaza mtoto alizokuwa nazo zilikuwa za Tshiluba tu, na mtoto akainywa lugha ile pamoja na maziwa. Alipoanza kutambaa hadi uani kwa Halima, akaokota Kiswahili cha wajukuu wa Halima kama anavyookota makombo. Kabedi alimtazama akashangaa. Yeye Kiswahili kilimgharimu kofi na aibu, na huyu kilimwingia akicheza na majivu. Wala hakuchanganya watu. Akitaka kuonyesha moto mbele ya mama yake alisema kapia, akigeuza kichwa kumwonyesha Halima alisema moto, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Aliangalia uso, akachagua. Musau alimwita Halima mama, kama watoto wote wa ua ule walivyomwita. Kumwita Kabedi, alisema baba. Watoto walimkejeli, wakamwimbia kwamba baba yake anavaa kitenge na ana maziwa, naye akacheka nao, kwa kuwa hakuona kasoro yoyote.

Kasoro aliiona Kankolongo. Kazi yake ilikuwa kuandika karatasi za mizigo kituoni, na kazi aliyoitamani ilikuwa ya meza, ndani, penye feni. Kifaransa alikipata ukubwani, alipopelekwa shule ya wamisheni sauti ikiwa imeshavunjika, na kilimkaa mdomoni kama mfupa. Siku moja alifika mkubwa kutoka Kinshasa. Akamsimamisha Kankolongo mbele ya wenzake, akamwagiza asome kwa sauti, na kila neno alilosoma, yule mkubwa alilirudia vilevile lilivyotoka, kama mtu anayemwiga kigugumizi. Wenzake walicheka kwa adabu. Meza akapewa kijana.

Kankolongo alirudi nyumbani na kibati cha shaba, kile cha kufungia mizigo, amekitia kamba ya katani. Akamweka mkewe upande mmoja na mtoto upande mwingine, akawaeleza. Shuleni kwao, aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibati namna hii. Akisikika mwingine, kibati kilihamia kwa huyo. Jioni inapoingia, anayekutwa nacho shingoni anachapwa. Tangu leo ndani ya nyumba hii ni Kifaransa tu, na mtoto atakianza angali mchanga, asije akachekwa na mtu. Maneno hayo yote aliyasema kwa Tshiluba, maana Kabedi hakujua Kifaransa hata cha kuombea maji. Hakuna aliyemvisha yeye kibati.

Ikawa hivyo. Kabedi akafungwa mdomo mara ya pili, sasa ndani ya nyumba yake, mbele ya mwanawe mwenyewe. Alipika kimya, akamwosha mtoto kimya. Jioni ya kwanza kibati kilikuwa kwa Musau, aliyeomba chakula kama alivyozoea kukiomba. Kankolongo akanawa mikono, akachukua mkanda, mkanda wa ngozi wa mashine ya zamani, mpana kama kiganja. Pigo la kwanza lilipomshukia, mtoto aliita. "Baba!"

"Ndi apa," Kabedi akasema. Yaani, niko hapa.

Mkanda ukasimama hewani. Kankolongo alikuwa mtu wa sheria zake. Akamvua mtoto kibati, akamvisha mama, akampiga mama. Alimpiga akiwa amesimama, halafu akiwa amepiga magoti, na alipochoka akamrudishia kibati pajani ili akitunze mpaka kesho.

Hapo Kabedi akajua mdomo wake umebaki na kazi gani. Kila siku mtoto aliposikika tena na kuvishwa kibati, alimwacha mumewe anawe, akae, auchukue mkanda, kisha akasema maneno yale mawili, ndi apa, na kibati kikahama. Alikatazwa lugha yote ya kwao, akabaki na maneno mawili, nayo akayalipia mgongoni. Hata mtoto alijifunza. Alikuwa akiita baba, halafu anainua kidevu na kunyoosha shingo, akingoja kamba itolewe. Wakati mwingine alikuwa bado hajapigwa hata kidogo.

Na Kifaransa kikaja kweli. Musau alikishika mapema kuliko alivyoshika kuvaa suruali, akakiimba, akakitumia kumgombeza kuku. Kankolongo alivimba kifua. Ila mtoto huokota kilichopo mdomoni mwa aliye mbele yake, na aliyekuwa mbele yake alikuwa Kankolongo.

Siku moja Kankolongo alimleta nyumbani mgeni, msichana aliyesomeshwa na masista, aitwaye Emerance, jina ambalo serikali ilishamfutia kwenye kitambulisho na watu waliendelea kumwita. Musau akamwamkia kwa Kifaransa, akamweleza habari ndefu ya kuku. Emerance akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaziba mdomo kwa mkono, akacheka, akasema kitu. Kabedi hakuelewa maneno, lakini aliona uso wa mumewe ukikauka. Baadaye Emerance mwenyewe alikuja kumwambia alichosema: kwamba mtoto anaongea kama baba yake kabisa, kosa kwa kosa, wala halikusahaulika hata moja.

Jioni ile Kankolongo alimpiga Kabedi bila kibati.

Haikupita muda akamhamishia Emerance nyumbani na sanduku lake, ili mtoto apate Kifaransa safi, na akatupa nje vyombo vya Kabedi. Kabedi akashika mwimo wa mlango. Kankolongo akainua kiatu cha kazi, akavikanyaga vidole vyake kwenye ubao, kimoja baada ya kingine, mpaka mkono ukaachia. Viwili vilipona vimepinda. Aliokota mchi wake na kinu chake, akampitia mtoto uani kwa Halima alikokuwa akicheza, na wote wawili wakabaki humo humo.

Kankolongo akaja kumchukua mtoto, pamoja na kaka yake mkubwa, Mukuna, na vijana wa chama waliovaa fulana za kijani. Walivuta mtoto huku na huku kama wanaogombania gunia. Kijana mmoja akamtandika Kabedi mdomoni, jino likatoka na damu, naye akaendelea kushika. Halima akainua karai la mafuta ya moto akasema wa kwanza kusogea ataondoka bila uso. Ndipo kesi ikapelekwa kwa mkubwa wa mtaa, sitwayeni Assani, mtu mpole asiyependa fujo karibu na kiti chake.

Assani akawakalisha asubuhi, mtaa mzima ukajaa. Akasema kwao, watu wa mjini, mtoto mdogo hukaa na mama. Mukuna akajibu kwa sauti ya mzee kwamba kwao mtoto ni wa baba, tangu zamani. Assani hakutaka kugombana na watu wa reli, wala hakutaka kuvunja desturi yake mbele ya majirani. Akaamua aulizwe mtoto.

Wakamsimamisha Musau katikati. Kankolongo aliingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa kibati, akakilaza gotini, akawa anakigeuza kwa kidole, upande huu, upande ule. Watu waliona kipande cha shaba. Mtoto aliona jioni.

"Mutoto," Assani akasema, "usiogope. Unapenda kukaa na nani?"

Kiswahili alikijua. Kama angeulizwa barazani kwa Halima akiwa na mkate mkononi, angejibu vizuri, angemtaja mama yake kwa neno la mtaa. Lakini macho yalikuwa kwenye kibati, na mdomo ukaenda ulikozoea kwenda.

"Baba," akasema. Kisha akalia. "Baba, baba."

"Ndi apa," Kabedi akasema, akasimama, amefungua mikono.

"Kaa chini, mama," Assani akamwambia. "Mutoto amesema."

"Ameniita mimi, mukubwa. Kwetu baba njo mama."

Kicheko kikapanda kutoka kwa walio mbele hadi kwa waliopanda ukutani. Kijana mmoja wa chama akasema kwamba leo mama njo baba, kesho mbuzi njo kuku, na kicheko kikaanza upya. Halima akainuka, akaapa kwamba ni kweli, yeye alilijua neno hilo miaka. Assani akamjibu kwa upole kwamba yeye ni mtu wa Kindu, tena anakula sahani moja na Kabedi. Lugha iulizwe kwa watu wake. Akamgeukia Mukuna.

"Mzee Mukuna, wewe njo wa kule. Tuambie mbele ya watu. Baba njo nani?"

Mukuna alizaliwa na mwanamke aliyemwita baba mpaka siku alipomzika. Akavitazama viatu vyake.

"Mukubwa," akasema, "baba njo baba. Nani asiyejua?"

Wala hakusema uongo. Alisema Kiswahili.

Musau alikuwa ameshaanza kukimbia kuelekea mikono ya mama yake. Kijana wa fulana ya kijani akamdaka njiani, akamgeuza, akamkabidhi kwa mwanaume aliyekuwa na kibati. Watu walisema mtoto ana haya. Wakaenda kula.

Kabedi akabaki kwa Halima, akitwanga sombe, majani ya muhogo, ya kuuza. Kati yake na mwanawe ulikuwa ukuta wa matete tu. Jioni kwa jioni aliusikia mkanda, na baada ya mkanda aliisikia sauti. Baba. Baba. Wapita njia waliisikia pia. Walisema mtoto anamwomba baba yake msamaha, ni vizuri, atakua na adabu, na wakapita. Mtaa mzima ulisikia mtoto anamwita mama yake, na mtaa mzima ukaelewa kinyume. Kabedi alijibu kutoka upande wa pili wa matete, ndi apa, ndi apa, lakini sasa maneno hayakuhamisha kitu. Kibati kilibaki kilipo. Mkanda ukaendelea mpaka ukatosheka.

Halafu ikaja alasiri moja. Kabedi alikuwa ameinua mchi, sombe imelainika nusu kinuni, aliposikia mwito umekatika katikati. Ba. Akangoja nusu ya pili. Haikuja.

Alikwenda na mchi mkononi, majani yamemgandia nyweleni. Matete aliyapitia yalivyosimama. Ndani, Emerance alikuwa pembeni amebana masikio kwa viganja vyote viwili. Musau alilala chini kifudifudi, kibati kimemzunguka hadi mgongoni, damu inamtoka sikioni. Kankolongo alikuwa na mkanda. Alipomwona, alisema jambo kwa Kifaransa, refu, la ukali.

Kabedi alimpiga begani. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Hakumpiga kama mtu mwenye hasira. Alimpiga kama anavyotwanga, bila haraka, mchi ukipanda hadi juu na kushuka kwa uzito wake, tena begani, tena mkononi, na mkono ulioshika mkanda ukageuka upande ambao mkono haugeuki. Kankolongo akaanguka. Akajaribu kutambaa, Kabedi akampiga gotini. Na hapo Kifaransa kikampotea, Kiswahili kikampotea, akafungua mdomo akaita, kwa sauti ya kitoto, ya juu, iliyosikika hadi barabarani.

"Baba! Baba wanyi wee!"

Kabedi akaacha. Akainama kwa mwanawe, akaweka mkono mbele ya pua yake, akasikia pumzi. Akakivua kibati taratibu, asiiguse damu. Akamwendea Kankolongo, akainua kichwa chake kwa nywele, akamvisha.

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja akasema maskini, anamwita marehemu baba yake. Halima akamsukuma, akaingia, akatazama pale chini.

"Sasa munasikia," akawaambia. "Mwanaume mzima anamwita mama yake."

Hakuna aliyecheka. Na hakuna aliyesema kwamba wakati ule wa kesi alikosea.

Askari walimchukua Kabedi kabla majani ya sombe hayajakauka nyweleni. Hao walisema Lingala. Walimwambia fanda, akasimama wima kwa heshima. Fanda ni kaa, akakalishwa kwa buti. Walimwambia telema, akabaki chini kwa kuwa chini ndiko alikowekwa. Telema ni simama, akasimamishwa kwa nywele. Kanga monoko, yaani funga mdomo, aliielewa papo hapo, maana ilifika pamoja na ngumi ya mdomo. Walimwuliza kwa nini amempiga mume, alivyodhani yeye, na kwa kila swali ambalo hakulijibu walimpiga fimbo za nyayo, wakisema ni jeuri. Alipiga yowe kwa Tshiluba. Wakamcheka, wakauliza huyu anamwita baba yake wa nini.

Hakuna shule yenye haraka kama ile. Mtoto mdogo hujifunza kwa kutazama uso. Kabedi gerezani alijifunza kwa kutazama mikono. Aliona mkono unaposhuka kwenye mkanda, akasikia neno lililoutangulia, akaliweka. Sikio moja liliziba kwa kofi na halikuzibuka tena, basi akageuza lile lililobaki. Kabla ya muda mrefu alikuwa anajibu kabla hawajamaliza, na mlinzi mmoja akamsifu, akamwambia sasa amekuwa mtu. Kabedi akamshukuru kwa Lingala safi. Moyoni alimwita jina ambalo huyo mlinzi angelipaswa kuzaliwa Kasai ili alielewe.

Kilichomkalisha mzima humo ndani ni kimoja. Kila siku alizungumza na Musau, midomo ikitikisika bila sauti, kwa Tshiluba. Alimsimulia, alimtania, alimwita aje. Aliamini kwamba lugha ile amempa mtoto kama jina au kama pua, na hakuna wa kumvua.

Miaka ilipopita, waliwatoa wafungwa kadhaa siku ya sherehe ya chama, naye akawa miongoni mwao. Alikwenda moja kwa moja kwa Halima, akichechemea. Halima alikuwa amezeeka. Akampa maji, akampa mkate, akamwambia habari. Kankolongo yu hai, mkono wake umekauka, hampigi mtu tena kwa kuwa hawezi kuuinua. Meza hakuipata. Emerance analea. Kisha akamsogezea mkate wa pili.

"Kabedi, mwanako hasemi tena ile luga yenu."

"Anaogopa kibati."

"Kibati hakiko. Hakuna mtu wa kumusemesha, njo ile. Tangu ulienda, hata neno moja hakuna aliyemupa."

Kabedi hakuamini. Mtoto aliyejua kusema kapia na moto kwa kutazama nyuso tu, atasahau uso wa mama yake? Alioga, akafunga kitenge cha Halima, akatoka barabarani.

Musau alikuwa akicheza mpira wa matambara mbele ya nyumba, amerefuka, magoti yamejaa vumbi, amevaa kaptula ya bluu ya shule. Kovu lilikuwepo nyuma ya sikio. Kabedi akasimama kivulini mwa ukuta. Alikuwa ameyapanga maneno kwa muda mrefu mno, na yote yakamkimbia isipokuwa haya.

"Luaku, muana wanyi," akamwambia. Njoo, mwanangu.

Mtoto akashika mpira, akamtazama. Alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Mama, unasema nini?"

Mama. Kama anavyomwita muuza karanga. Kama anavyomwita mwanamke yeyote mwenye kitenge katika mji wa Kindu. Kabedi akafungua mdomo amjibu kwa Kiswahili, ajitaje yeye ni nani, na Kiswahili, ambacho kilimgharimu bega na jino, kikakataa kutoka. Wenzake Musau wakamwita. Akageuka akakimbia, na mguu ukanasa kwenye kipande cha chuma cha reli kilichozikwa barabarani, akaanguka vibaya, goti likafunguka mpaka weupe ukaonekana.

Halima aliyekuwa amemfuata Kabedi alimshika mkono. Wote wawili walingoja. Mtu akiumia hurudi kwao.

"Mama!" Musau akalia. "Mama wee, mama!"

Lilikuwa neno zuri, la mtaa, ambalo kila mtu wa Kindu analijua. Assani angelielewa bila kumwuliza mtu. Kama angelilisema asubuhi ile mbele ya mkubwa wa mtaa, mambo yote yangekuwa mengine. Mlango ukafunguka, na Emerance akatoka mbio, bila viatu, na mtoto akamnyooshea mikono.

Kabedi alisikia sauti yake mwenyewe. Hakuwa ameituma.

"Ndi apa."

Musau akanyamaza. Hakugeuka kumtazama, hakujua maneno yale ni ya lugha gani, wala ni ya nani. Emerance alikuwa amepiga magoti anamfuta damu. Lakini kidevu cha mtoto kiliinuka, shingo ikanyooka, na mkono wake ukapanda polepole mpaka shingoni, ukapapasa pale, ukitafuta kamba.